Haibridi, Chotara na Mseto: Neno Moja na Maana Zake

Miongoni mwa istilahi ambazo wanaisimu, wahakiki wa fasihi na mabwana shamba huazimana bila hadhari, haibridi ina nafasi ya pekee. Asili yake ni neno la Kilatini hybrida, ambalo Warumi walilitumia kwa mtoto wa nguruwe wa kufugwa na nguruwe mwitu, na pia kwa mtu aliyezaliwa na wazazi wa asili mbalimbali. Katika Kiswahili dhana hiyo huelezwa kwa maneno matatu: haibridi, chotara na mseto. Aghalabu hudhaniwa kuwa ni visawe. Sivyo.

Wakulima wa Kwanza, na wa nyanda za Kitale hadi Bungoma kwa jumla, walilijua neno haibridi kwa njia ya mbegu. Mwaka 1964 mahindi ya Haibridi 611 yalitolewa kwa wakulima, baada ya watafiti wa Kitale kupandisha aina ya huko na nyingine iliyotoka Ecuador. Kwa mkulima neno hili ni sifa, maana ladokeza mavuno mengi. Hata hivyo lina sharti lake: nguvu hiyo hupungua katika kizazi cha pili, hivyo yampasa kununua mbegu mpya kila msimu. Haibridi ya shambani, basi, ina wazazi wanaojulikana, upandishaji uliokusudiwa, na ubora usiorithiwa kikamilifu.

Dhana hiyo ikihamishiwa katika isimu, hupotosha. Sheng haikupandishwa na mtafiti yeyote, wala haidhoofiki kwa kurithiwa. Upotofu huzidi Kiswahili chenyewe kinapoitwa chotara wa Kibantu na Kiarabu. Neno kitabu latosha kuwa ushahidi. Ki- yake ni sehemu ya neno la Kiarabu, lakini Kiswahili kimeifanya kiambishi cha ngeli, kikapata vitabu. Msamiati umekopwa, sarufi haikukopwa. Nurse na Spear walionyesha mwaka 1985 kwamba Kiswahili ni ndugu wa Kipokomo na Kimijikenda katika kundi la Sabaki.

Isitoshe, chotara akitajwa mtu, neno hubeba dharau. Mtaalamu aandikaye “lugha chotara” hudhani ameeleza, kumbe amekwisha kuhukumu. Kwa upande mwingine, wahakiki waliomfuata Homi Bhabha, hasa baada ya kitabu chake cha mwaka 1994, wameugeuza uhaibridi kuwa sifa ya utamaduni, bila kutaja sharti lile analolijua kila mkulima wa Kwanza.

Mseto ni jambo jingine. Katika chakula cha mchele na choroko, na katika serikali ya mseto iliyoundwa Kenya mwaka 2008, kila kiungo hutambulikana bado. Neno hili lafaa kwa msemaji achanganyaye lugha mbili katika sentensi moja. Haibridi na ibaki kwenye mbegu. Ama Kiswahili, yatosha kusema kwamba ni lugha ya Kibantu iliyokopa, kama zikopavyo lugha zote.