Pole Sana, Shosho

Posti yenyewe ilikuwa na maneno matatu: "Pole sana, shosho." Niliiandika usiku mmoja nikiwa kwa matatu, nikimjibu mama mzee anayefuga nyuki na kuposti habari zao. Alikuwa ameibiwa mizinga. Asubuhi nikaamka na simu tano ambazo sikuzishika. Binamu yangu alikuwa amefungua tovuti yangu akayakuta maneno hayo matatu katikati ya ukurasa mweupe, herufi kubwa kama za tangazo la kifo gazetini. Juu yake kulikuwa na kisanduku cha kijivu ambamo picha ingekaa. Chini yake: "Muda wa kusoma: dakika 1." Akajua tu shosho yetu wa Murang'a ametuacha.

Tulicheka baadaye, shosho mwenyewe akiwemo. Lakini simlaumu binamu. Alisoma alichoonyeshwa. Aliyekosea ni yule aliyesanifu ukurasa. Na kwa kuwa mandhari hiyo niliichagua mimi mwenyewe, bure, kwa sababu ilikaa poa, basi na mimi nimo kwenye kosa.

Mwaka jana mtandao mmoja mkubwa ulifunga akaunti yangu. Niliandika kulalamika, nikajibiwa na mashine, stori ikaishia hapo. Miaka sita ya maneno ikaenda, zikiwemo posti za Juni 2024, zile siku Mswada wa Fedha ulitutoa nyumbani. Chache nimebaki nazo kama skrinshoti, lakini skrinshoti haijibiwi, na huwezi kuifuata mpaka kwa mwenyewe. Nikaapa kwamba neno langu linalofuata litalala kwangu.

Kwangu ni tovuti ndogo ya WordPress yenye programu-jalizi ya ActivityPub. ActivityPub ni makubaliano ya jinsi seva zinavyozungumza, na W3C iliyapitisha rasmi Januari 2018. Kama unaielewa Katiba ya 2010, hii pia unaielewa: mtandao umegatuliwa. Kila seva ni kaunti, ina gavana wake na sheria zake ndogo, lakini mkazi wa kaunti moja anaweza kumfuata na kumjibu mkazi wa nyingine. Kaunti nyingi zinazojulikana zinaendeshwa na Mastodon, programu aliyoianzisha Eugen Rochko kule Ujerumani mwaka 2016. Mimi ni kaunti ya mtu mmoja. Gavana ni mimi, na mpinzani ni mimi.

Watu wakizungumzia mitandao hii husifu uhuru: data ni yako, hakuna bilionea wa kukufukuza. Sawa. Sura ya ukurasa huachiwa wapambaji, kana kwamba ni rangi ya ukutani tu. Mimi nasema sura ndiyo inayomwambia msomaji neno lako ni la aina gani: ni tangazo, ni utani, ni jibu, au ni rambirambi. Ukiwa na uhuru wa kusema halafu ukurasa ukasema kitu kingine, umegatuliwa nusu.

Mandhari nyingi nilizojaribu zimerithi gazeti. Zinataka kichwa, picha kubwa, muhtasari, kisha "Soma zaidi". Posti fupi haina hata kimoja kati ya hivyo. Ubaya zaidi, katika nyingi kichwa ndicho kiungo cha kuifungulia posti. Pasipo kichwa hakuna pa kubofya, kwa hivyo neno lako lipo lakini huwezi kumtumia mtu anwani yake. Ni kama kuishi kwa ploti isiyo na namba, halafu umeagiza boda akuletee chakula.

Na haikuwa lazima iwe hivi. Mwaka 2011 WordPress 3.1 ilileta aina za posti: hali, nukuu, kiungo, picha, mazungumzo na nyingine. Agosti 2013 ikaja mandhari ya Twenty Thirteen, iliyojengwa juu ya wazo hilo. Aina nyingi zilipewa rangi, ukurasa ukawa mistari mipana ya machungwa, nyekundu na manjano. Si mandhari ya kufungua ukiwa umelala masaa mawili. Lakini nimeirudia mwezi huu na nimeiheshimu kuliko mandhari nyeupe zilizoifuata, kwa sababu ilijua kwamba hali si makala, na kwamba nukuu si kiungo. Sentensi moja ilipewa mahali pa kusimama bila kuomba radhi kwa ufupi wake.

Ilichokosa ni mtu wa pili. Twenty Thirteen ilisanifiwa kwa blogu, mahali ambapo mwenye nyumba huongea na wageni husubiri chini. Haikuwa na sura ya neno lililoandikwa kumjibu mtu aliye kaunti nyingine. "Pole sana, shosho" ingepakwa rangi nzuri tu, na binamu yangu bado angelia.

Mastodon yenyewe iko upande wa pili. Pale jibu linajulikana kuwa ni jibu, ukilifungua unaona lililotangulia. Na kuna uamuzi mmoja wa usanifu naupenda sana: katika sura yake ya kawaida ya wavuti, mkondo haukuonyeshi idadi ya laiki mpaka uifungue posti. Unasoma kwanza, ndipo unajua kama wengine wamependa. Lakini kila mtu kavaa yunifomu. Gavana wa seva anaweza kubadilisha mwonekano wa kaunti nzima. Mkazi ana picha ya wasifu, picha ya juu na maelezo mafupi, basi. Shairi na bei ya sukuma hukaa ndani ya kisanduku kilekile.

Nilisoma Mombasa miaka minne, na mama aliyenipangisha chumba Majengo ndiye aliyenifundisha kusoma kanga. Kabla ya hapo niliona kitambaa tu. Kanga ina pindo, ule mpaka unaoizunguka. Ina mji, pale katikati. Na ina jina, maneno machache ndani ya kisanduku chao, karibu na upande wa chini. Watu wa Pwani wamekuwa wakisanifu posti fupi miaka mingi kabla ya simu. Jina la kanga halijifanyi makala, na halihitaji picha kubwa juu yake ndipo liheshimiwe. Lina nafasi yake, na pindo linakuonyesha jambo linaanzia wapi na kuishia wapi.

Halafu kuna chapa. Kwenye kanga za zamani za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa utakuta herufi K.H.E. na maneno "Mali ya Abdulla". Kanga ikauzwa, ikaazimwa, ikatolewa zawadi, ikafika Unguja au Muscat, bado ilisema imetoka wapi. Mama yule aliniambia pia kwamba jina la kanga hulielewi mpaka ujue nani amemvalia nani. Maneno yaleyale kwa mke mwenza ni vita, kwa binti ni baraka.

Hicho ndicho kipimo ninachokitumia sasa kwa mandhari yoyote ya mitandao hii, na nyingi zinaanguka. Je, neno fupi lina kisanduku chake? Je, kuna pindo, yaani linaonyesha linamjibu nani na lilikuwa linahusu nini? Je, kuna chapa: nani alisema, seva gani, lini, na kiungo cha kurudi kwake? Watu wa IndieWeb wamelisema hili kwa miaka: ukijibu kutoka tovuti yako, weka muktadha wa unachokijibu juu ya jibu lako. Mstari mmoja tu. "Kumjibu mama wa nyuki kuhusu mizinga iliyoibwa." Huo mstari ungeokoa simu tano.

Jambo jingine ambalo wasanifu hawapendi kuliskia: mandhari haisafiri. Posti yangu ikifika kwa seva ya mtu mwingine, rangi zangu na fonti zangu zinabaki nyumbani. Kinachoenda ni maneno, jina, picha ya wasifu, na maelezo ya picha kama niliyaandika. Yakifika huko yanavishwa nguo za wenyeji. Kwa hivyo msanifu anayeweka maana kwenye rangi pekee, tuseme nyekundu ni utani, atawaona wageni wakichukulia utani kama matusi. Maana inapaswa kuwa ndani ya maneno kwanza, ndipo mandhari iisaidie.

Na kuna wageni wanaokuja. Programu-jalizi yangu huchukua majibu ya watu wa Mastodon na kuyageuza maoni chini ya posti yangu. Mandhari yangu ya kwanza iliyapanga kwa fahari: sura kubwa za watu, majina kamili, kama ukuta wa wadhamini. Mtu mmoja aliyenijibu saa nane za usiku kuhusu kuachishwa kazi akaniandikia kwa upole: hakujua maneno yake yatatundikwa kwa sebule ya mtu. Nilifuta, nikaona aibu. Hapo hakuna itifaki iliyovunjwa. Ni usanifu tu uliosahau kwamba jibu lina mwenyewe, na kwamba kumkaribisha mtu si kumtundika ukutani.

Najua jibu la upande wa pili. Yunifomu ina haki yake. Aliyefika leo na mwenye wafuasi elfu kumi wanavaa shati moja, na ukurasa sahili haukuli bando. Wanaokumbuka kurasa za MySpace, nyimbo zikijipiga zenyewe na maandishi ya waridi juu ya picha ya moto, wana sababu ya kuogopa uhuru wa rangi. Nakubali. Siombi mapambo. Kanga yenyewe ina sheria kali: pindo, mji, jina, na karibu kila moja inafuata mpango huo. Bado hujawahi kuzichanganya mbili zikiwa kwa kamba ya nguo. Sheria ikiwa nzuri, watu wanatofautiana ndani yake.

Kwa hivyo nimekaa wikendi tatu nikiichokora mandhari yangu, nikivunja na kurekebisha. Posti fupi haina kichwa, ina saa, na saa ndiyo kiungo. Nimeondoa muda wa kusoma. Majibu yangu yana mstari juu unaosema ninamjibu nani na kuhusu nini. Majibu ya wageni yanaonyesha jina na kiungo cha kurudi kwao, bila sura, na nimeandika wazi kwamba nitafuta nikiombwa. Haipendezi kama ile ya kwanza. Rafiki yangu msanifu ameiita daftari la duka.

Jumapili nilimtumia binamu kiungo cha ile posti ya nyuki. Akaisoma, akauliza, "Na mizinga ilipatikana?"

Miwili, nikamwambia. Mitatu bado.