«Wakongomani njo tuko hivi»: hilo jibu linamfaa nani?

Wenzangu, kwenye kozi za biashara kuna fundisho moja ambalo wengi wetu tulilimeza bila kulitafuna: kila taifa lina utamaduni wake, na utamaduni huo ndio unaoeleza kwa nini mfanyabiashara wa huku anakubali hongo na wa kule anaikataa. Jina linalorudi kila mara ni Geert Hofstede, Mholanzi aliyetoa kitabu chake Culture's Consequences mwaka 1980 na kuyapa mataifa alama. Tunanakili jedwali lake, tunapita mtihani, basi.

Lakini alama zile zilitoka wapi? Kwa wafanyakazi wa IBM, fomu zaidi ya 100,000, kati ya 1967 na 1973. Kongo haimo. Baadaye Kenya, Tanzania, Ethiopia na Zambia ziliwekwa kapu moja zikaitwa Afrika Mashariki, kana kwamba Mwamhara wa Addis Ababa na Mbemba wa Kasama wamekula chungu kimoja. Mimi ni agronomo. Ningechukua udongo wa shamba moja la Itebero nikasema huo njo udongo wa Walikale nzima, mwalimu wangu angenirudishia kazi siku ile ile.

Na hapo Itebero ndipo naona fundisho lenyewe linakwama. Siku ya soko, mama anapima mchele kwa mkebe wa Guigoz. Mpita njia mwenye pikipiki, anayeenda zake Hombo, anapimiwa kwa ule mkebe uliobonyea chini. Jirani anajaziwa mpaka kilima kinasimama, halafu anaongezwa kiganja kimoja. Jioni, mama huyo huyo anashika pesa ya likirimba ya wenzake. Hakuna karatasi, hakuna polisi, na hakuna franka inayopotea. Utamaduni wake ulibadilika saa ngapi? Wenzake wa likirimba atakutana nao kesho mtoni na Jumapili kanisani. Yule wa pikipiki harudi. Tena tusimtupie mama mzigo wote: bidon ya mawese au gunia la mchele likitoka pale kwenda Bukavu, linalipa barieri baada ya barieri, bila risiti. Ile pesa lazima itoke mahali. Inatoka kwenye mkebe.

Sisemi utamaduni si kitu. Raymond Fisman na Edward Miguel walichunguza wanadiplomasia wa Umoja wa Mataifa jijini New York, watu ambao kinga yao iliwaruhusu kuegesha gari popote bila kulipa faini. Kati ya 1997 na 2002 waliacha faini zaidi ya 150,000 bila kulipa, na waliotoka nchi zenye sifa ya rushwa waliongoza. Hapo mtetezi wa Hofstede atapiga makofi. Angoje kidogo. Mwezi wa 10 mwaka 2002 jiji lilipata uwezo wa kuwanyang'anya namba za gari, na makosa yakashuka kwa karibu asilimia 98. Watu walikuwa wale wale, na mila zao zile zile.

Sasa tusogee karibu zaidi, Bisie, huku huku Walikale. Kwa miaka, kasiterite ilichimbwa pale chini ya bunduki, ikabebwa mgongoni porini, ikapakiwa kwenye ndege zilizotua juu ya barabara ya lami huko Kilambo, ikapita Goma, ikaenda kuyeyushwa Asia, ikaishia ndani ya simu za dunia nzima. Kila mkono ulioipokea ulikuwa na taifa lake, na karibu kila mmoja uliamua kutouliza. Kwenye jedwali la Hofstede, huo ni utamaduni wa nani?

Kinachoniuma zaidi ni vile sisi wenyewe, watu wa lisansi, tumelipokea jibu hili. Wengi wenu mmeshaambiwa, kama mimi nilivyoambiwa kwenye ofisi moja nilipopeleka barua ya kazi, kwamba bila «kitu kidogo» dosye haisogei, na kwamba ni desturi yetu waafrika: mkubwa hafikiwi mikono mitupu. Aliyeniambia alisema kwa upole, kama mjomba anayemfundisha mtoto.

Ni kweli, kwetu mkubwa hafikiwi mikono mitupu. Lakini mbuzi wa mwami anafika mchana, kwa kamba, watu wote wanamuona, na mara nyingi wanamla pamoja. Mgeni akipeleka kuku, jina lake linatajwa mbele ya wazee, na siku akipata shida wanakumbuka. Ile ofisi iliniomba nifunge kwanza mlango.