Sukari Kidogo, Jenta Kidogo, Bakteria Chali!

Weee! Rafiki yangu, acha kila unachofanya unisikilize, maana ndiyo kwanza natoka maabara na furaha hainiachi nitulie. Nimeziona sahani mbili za kuoteshea bakteria, ziko meza moja, chini ya taa moja, na nakuapia ni muda mrefu sijaona kitu kizuri namna ile. Sahani ya kwanza imejaa madoa ya waridi, manene, yanayong'aa, yamebanana hadi ukingoni, E. coli watupu, na hao ni waliokwisha kuogeshwa jentamisini, ile dawa ya kuua bakteria tunayoiita jenta! Ya pili ni bakteria wale wale, jenta ile ile, kiasi kile kile, ila hawa waliongezewa manitoli, kitu cha jamii ya sukari. Nikainama. Nikaigeuza. Nikaiinua kwenye mwanga. Aga, ile jeli ya kuoteshea, safi, laini, tupu kabisa, na doa moja pembeni, dogo, limejikunyata peke yake. Na bado!

Yaani utamu wenyewe ni ile kusubiri. Ukifungua inkubeta joto linakupiga usoni, halafu inafuata harufu nzito, chachu, ya chooni kidogo, harufu inayokukaa puani mpaka unafika nyumbani. Jana mirija miwili ilikuwa imesimama kwenye kishikio chake, supu ndani yake ina ukungu mweupe. Dada mtaalamu wa maabara, mpole, mkono wake hautikisiki hata chembe, akaniuliza: "Haya, kaka, wenye manitoli ni upi?" Nikatoa macho. Sikuujua! Mirija yote miwili sawasawa, ukungu ule ule, maana bakteria waliokufa na walio hai wanaelea pamoja na jicho haliwezi kuwatenga. Lazima uwaoshe dawa itoke, uwazimue, uwapake kwenye sahani, kisha uwalaze kwenye joto usiku kucha. Asubuhi ndipo unajua nani alikuwa mzima. Nilivyolala mimi usiku huo, hata usiulize.

Na manitoli yenyewe! Nilitarajia kitu cha ajabu, cha bei mbaya, cha kufungiwa kabatini kwa kufuli mbili. Kumbe ni unga mweupe, mkavu, mpole, umekaa kwenye rafu miaka yote hiyo. Umo kwenye chingamu zisizo na sukari, ule utamu unaoacha ubaridi ulimini. Hospitalini unatundikwa kama dripu kupunguza uvimbe wa ubongo. Na maabara wana aga yao ya chumvi na manitoli, ya kumtambua Staphylococcus aureus, ambayo akiila inageuka njano, njano ya kung'aa kweli kweli! Chakula cha bakteria kilikuwa mkononi mwa wataalamu tangu zamani.

Sasa sikia kinachotokea mle ndani, maana hapa ndipo nilipopiga kelele hadi nikaombwa nitulie. Wako bakteria ambao dawa haiwaui kwa sababu tu wamejilaza. Hawakui, hawazaani, wamejinyamazia. Joseph Bigger aliwaeleza tangu mwaka 1944: penisilini ilifyeka staphylococcus karibu wote, wakabaki wachache mno, na ajabu yake, watoto wa hao waliobaki walikufa kwa penisilini kama kawaida. Kwa hiyo hawakuwa wamerithi usugu wowote. Walijificha usingizini, basi, na hao ndio wanaoweza kuurudisha ugonjwa ukidhani umekwisha.

Jenta nayo haipenyi hivi hivi. Inavutwa ndani na umeme mdogo, mdogo mno, ulioko kwenye utando wa bakteria, na umeme huo bakteria anautengeneza kwa kuchoma chakula na kupumua. Aliyejilaza hana umeme wa kutosha, dawa inabaki nje imesimama. Ni yule mgeni mbishi aliyejifungia chumbani, umegonga mpaka vidole vimechoka, halafu harufu ya pilau inapita chini ya mlango na komeo analifungua mwenyewe! Mpe manitoli: anaimeza, anaichoma, umeme unapanda, jenta inavutwa ndani puu! Inakwenda moja kwa moja kung'ang'ania ribosomu, zile mashine zake za kutengeneza protini, na protini zinaanza kutoka mbovu, zimepinda, hazifai, zinamharibu yeye mwenyewe. Amekwisha. Na bado! Hahitaji hata kuamka kabisa wala kuanza kuzaana. Akila tu, imetosha.

Walioonyesha jambo hili ni Kyle Allison, Mark Brynildsen na James Collins, Chuo Kikuu cha Boston, Marekani, mwaka 2011. Walijaribu manitoli, glukosi, fruktosi na piruvati, wakaona jenta inawashukia E. coli waliojilaza kwa kasi ya kutisha. Kwa staphylococcus, fruktosi ndiyo iliyotia fora. Wakaenda hadi kwa panya wenye maambukizi ya njia ya mkojo, wakawapa jenta na manitoli, na bakteria wakapungua kuliko walipopewa jenta peke yake. Mimi nimesoma habari nyingi za dawa mpya, na nyingi zinanipita hivi hivi, lakini hii imenishika shati, kwa sababu dawa hapa si mpya hata kidogo! Ni jenta, mama yetu, iliyogunduliwa miaka ya 1960, unayoijua wewe na anayoijua bibi yako.

Utasema: sawa, hao ni waliolala, je, wale sugu kweli kweli, waliokwisha kubadilika vinasaba? Ahaa! Hapo ndipo Guangzhou, China, wanapoingia, na hapo ndipo mwili wote ulinisisimka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen, akina Bo Peng na wenzake, walimchukua Edwardsiella tarda, msumbufu mkubwa wa wafugaji wa samaki, sugu dhidi ya dawa ya kanamisini. Wakalifungua jiko lake, wakalinganisha vilivyomo na vya ndugu yake asiye sugu: nini kipo, nini kimepungua? Wakakuta sugu ana upungufu wa alanini na glukosi. Upungufu! Yule tunayemuogopa sote, jikoni kwake kumepwaya! Wakamrudishia alanini, wakamrudishia glukosi, wakampa na kanamisini ile ile aliyokuwa akiidharau, akafa. Wakachapisha mwaka 2015. Wazo hilo ni zuri, safi, la kijasiri, na kwangu mimi linapita hata lile la Boston, kwa sababu hawakubahatisha chakula. Walimuuliza bakteria mwenyewe umepungukiwa nini, kisha wakampa hicho hicho.

Na bado! Mwaka 2021 ikaja glutamini, asidi amino ambayo hata miili yetu inaitengeneza, safari hii na ampisilini, dhidi ya bakteria sugu wa njia ya mkojo. Ampisilini haivutwi na umeme kama jenta, kwa hiyo mlango ni mwingine: glutamini inamfanya bakteria afungue vitundu vingi zaidi kwenye utando wake wa nje, na ampisilini inaingia kwa wingi hadi inamzidi nguvu. Unaelewa ninachokwambia? Chakula kingine, dawa nyingine, njia nyingine kabisa, na matokeo yale yale matamu!

Sasa weka hizo dawa mbili pamoja: ampisilini na jenta. Ndiyo jozi anayochomwa mtoto mchanga mwenye maambukizi ya damu, kuanzia hospitali ya rufaa hadi kituo cha wilayani. Bakteria wakiizoea jozi hiyo, daktari anabaki na machaguo machache, ya gharama kubwa, na mara nyingi hayapo stoo. Kuongeza dozi tu haiwezekani, jenta ikizidi inaumiza figo na masikio. Mwaka 2019 pekee, watu wanaokadiriwa kufikia milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria wasiosikia dawa. Halafu mtu anakuja na kitu cha rafuni, cha bei ya kawaida, anakuonyesha jenta ikirudi kazini! Ndiyo maana situlii, jamani!

Lakini rafiki, nisikilize vizuri hapa kwa sababu nakupenda: usiende kunywa vidonge na soda ukidhani umefanya sayansi. Kinachofanya kazi ni chakula sahihi, kwa bakteria sahihi, kikimfikia pale pale alipo, pamoja na dawa sahihi. Chakula kinachomwangusha huyu yule kinampita. Bado hii si tiba utakayoandikiwa kwenye kituo cha afya, na ukiwa na ile tunayoiita UTI sugu, nenda mkojo uoteshwe, upewe dawa inayostahili, uimalize.

Ila ukipata upenyo, nakuomba sana, nenda maabara ukaone! Vyuo vya tiba huwa na siku za maonyesho, na wataalamu wa maabara ni watu wakarimu mno ukiwauliza kazi yao kwa heshima. Omba uonyeshwe jinsi wanavyootesha. Omba uishike sahani mwenyewe, na glavu zako, uione ile aga, uusikie uzito wake mdogo kiganjani. Mimi nimeshamng'ang'ania dada yule: safari ijayo tunaijaribu fruktosi kwa staphylococcus, na amekubali!