Nakala Rudufu au Nakala ya Akiba? Uhakiki wa Istilahi ya Utunzaji wa Data za Seva kwa Kurejelea Mji wa Mpakani wa Tunduma

1.0 Utangulizi

Istilahi za kompyuta katika Kiswahili hupimwa kwa kawaida kwa kuangalia kama zimeundwa kwa kufuata sarufi, kama ni fupi na kama zinakubalika kwa watumiaji. Vigezo hivyo ni vya msingi, lakini haviulizi swali moja: istilahi inamfanya mtumiaji aamini nini, na imani hiyo inamwongoza kutenda nini? Katika utunzaji wa data za seva swali hilo lina uzito wa pekee, kwa kuwa kosa la dhana halionekani siku linapofanyika. Huonekana siku data zinapopotea, wakati ambapo nafasi ya kulisahihisha imekwisha.

Uhakiki huu unaichambua istilahi nakala rudufu, pamoja na washindani wake hifadhi na chelezo, kwa kurejelea kazi ya msimamizi wa seva za jamii ya Unix, hususani Linux. Hoja inayotetewa ni kwamba nakala rudufu hutaja tendo la kuzidisha, ilhali dhana inayokusudiwa ni ya kutenga na kurejesha.

2.0 Muktadha na Kiunzi cha Nadharia

Tunduma imo katika Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, na inapakana na Nakonde ya Zambia. Barabara kuu kutoka Dar es Salaam, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 900, na reli ya TAZARA zote hupita hapo. Malori yaendayo Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hukamilisha hapo taratibu za mpakani, katika kituo cha huduma za pamoja kilichozinduliwa mwaka 2019. Taratibu za forodha zenyewe huendeshwa katika mfumo wa kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato Tanzania, TANCIS. Hata hivyo, mawakala wa forodha na wasafirishaji wana kumbukumbu zao wenyewe: ankara, hati za shehena, vibali na nakala za pasipoti za madereva. Kumbukumbu hizo zikipotea, lori husimama, na kila siku ya kusimama ina gharama yake. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde dhidi ya kupotea. Kwa hiyo, maana ya nakala inahusu pia wajibu wa kisheria.

Uchambuzi unaongozwa na mkabala wa Maria Teresa Cabré, unaoichukulia istilahi kuwa ni kitu chenye milango mitatu: wa dhana, wa lugha na wa mawasiliano. Istilahi inaweza kupita salama katika mlango wa lugha na bado ikakwama katika mlango wa dhana. Ndivyo inavyotokea hapa.

3.0 Uchambuzi wa Istilahi Nakala Rudufu

3.1 Maana inayobebwa na neno

Kwa upande wa lugha, nakala rudufu haina dosari. Nakala ni neno la kila siku ofisini, na rudufu lina ukoo unaofahamika. Walimu hudurufu mitihani, na wanaisimu huita urudufishaji mchakato unaozaa polepole kutokana na pole. Mfano huu wa mwisho unafichua tatizo. Katika urudufishaji, sehemu iliyonakiliwa husimama kando ya shina lake, huundwa kwa mfano wake, na haina maisha nje ya neno hilo. Kurudufu ni kupata kitu cha pili kinachofanana na cha kwanza, wakati uleule na mahali palepale.

Seva inaweza kurudufiwa hivyo hasa. Diski mbili hufungwa katika mashine moja na kuandikwa kwa pamoja, ili moja ikiharibika nyingine iendelee na kazi. Mpango huo ni mzuri dhidi ya ubovu wa diski, lakini faili likifutwa kimakosa, hufutwa katika diski zote mbili kwa wakati mmoja. Hali haibadiliki sana kwa msimamizi anayetumia programu ya rsync kila usiku kulinganisha saraka mbili, huku ameiamuru ifute kwenye nakala chochote kisichokuwapo tena kwenye asili. Ankara iliyofutwa mchana na mtumishi aliyekosea hutoweka pia katika nakala ifikapo asubuhi. Programu imetii na nakala ni rudufu kwa maana kamili ya neno, lakini ankara haipo.

3.2 Maana inayodaiwa na kazi

Zana za Unix zenyewe zilizaliwa na dhana pana zaidi. Programu ya tar, iliyotokea katika toleo la 7 la Unix mwaka 1979, ilipewa jina kutokana na kuweka kumbukumbu kwenye utepe. Utepe ulitolewa katika mashine, ukaandikwa tarehe na kuwekwa kabatini au katika jengo jingine. Kutengana huko kwa wakati na mahali ndiko kulikoufanya kuwa kinga. Isitoshe, tar ina matendo matatu ya msingi: kuunda kifurushi, kuorodhesha yaliyomo, na kuyatoa. Istilahi nakala rudufu hutaja tendo la kwanza na kuyaacha mawili yaliyobaki bila jina, kana kwamba kazi imekwisha faili linapoandikwa.

Madhara ya pengo hilo hayawapati wanagenzi peke yao. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab, inayohifadhi programu za wasanidi wa nchi nyingi, alifuta saraka ya hifadhidata kwenye seva kuu akidhani yumo katika seva ya pili. Seva ya pili, ambayo kwa kawaida hubeba data zilezile, ilikuwa imeondolewa data zake ili isawazishwe upya. Nakala za kila siku hazikuwa zikiundwa, kwa sababu programu ya kuzitoa ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata, na barua pepe za kutahadharisha zilikuwa zikikataliwa. Kampuni iliokolewa na taswira ya diski iliyochukuliwa saa sita hivi kabla, kwa ajili ya kazi nyingine. Maelezo hayo yalitolewa na kampuni yenyewe. Yanathibitisha kwamba njia nyingi za kunakili hazitoshi ikiwa hakuna aliyejaribu kurejesha.

4.0 Washindani wa Istilahi

Hifadhi ina udhaifu wa kuwa na kazi nyingi mno. Katika programu zilizotafsiriwa, neno hilohilo hutumika kwa kuandika faili diskini, kwa mahali pa kuwekea na kwa kulinda. Aliyebonyeza hifadhi mwisho wa waraka ana haki ya kuamini kwamba waraka uko salama. Lugha ndiyo iliyomwambia hivyo.

Chelezo lina sifa ambayo nakala rudufu haina. Lina uhusiano na kitenzi elea, na huhusishwa na boya na vilevile mahali pa kuundia na kukarabati meli. Kitu kinachobaki juu ya maji chombo kinapozama ni taswira sahihi ya kinachotafutwa. Ugumu uko katika mlango wa mawasiliano. Mbali na pwani na maziwa makuu, katika mji ambao wenyeji wake wengi wana asili ya Kinyamwanga na Kinyiha, na ambao chombo chake kikuu cha usafiri ni lori, taswira hiyo haijitokezi yenyewe. Atakayelijua ni yule aliyefundishwa.

5.0 Pendekezo: Nakala ya Akiba

Kiswahili kina neno ambalo tayari linabeba dhana ya kutenga kwa ajili ya siku ya haja. Mchezaji wa akiba hakai uwanjani pamoja na wenzake. Jeshi la akiba si nusu ya jeshi lililo vitani. Mkulima wa Mbozi anayetenga mahindi ya mbegu hayachanganyi na ya kula, na mwenye busara huotesha punje chache kabla ya kulipanda shamba zima. Katika matumizi yote haya akiba iko mahali pake, ina wakati wake, na thamani yake hupimwa siku inapoitwa.

Istilahi nakala ya akiba ingemfanya msimamizi aulize maswali yanayofaa: iko wapi, ni ya lini, na je, imewahi kuitwa ikaitika? Kanuni maarufu ya 3-2-1, inayodai nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine, hueleweka mara moja kwa neno hili. Kwa ofisi ya Tunduma, mahali pengine panaweza kuwa Vwawa au Mbeya. Nakala rudufu ingebaki na kazi yake halali, yaani kutaja diski au seva zinazokwenda sambamba.

Pingamizi lipo. Nakala rudufu imeshaenea katika simu na kompyuta, na kubadili istilahi iliyozoeleka huleta mkanganyiko. Vilevile, hakuna istilahi inayoweza kubeba dhana nzima. Pingamizi la kwanza lina nguvu kwa mtumiaji wa simu, na halihitaji kupuuzwa. Lakini katika mafunzo ya wasimamizi na katika miongozo ya ofisi, ambako istilahi hufafanuliwa kabla ya kutumiwa, gharama ya kutofautisha ni ndogo kuliko gharama ya kuchanganya. Kuhusu la pili, istilahi haitakiwi kusema yote. Inatakiwa isimpotoshe mtumiaji katika jambo lililo kubwa.

6.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba nakala rudufu ni istilahi sahihi ya dhana isiyo yake. Hukidhi sarufi, huku ikimwacha msimamizi na imani kwamba kufanana ndiko usalama. Vyombo vyenye dhamana ya kusanifu istilahi, likiwamo Baraza la Kiswahili la Taifa, vinahitaji kuzipima istilahi za teknolojia pia kwa matendo zinayoyaelekeza. Kwa wakala wa Tunduma ambaye seva yake imezimika huku lori likisubiri, nakala iliyo bora ni ile inayofunguka.