Sindano ya Damu na Mshipa wa Kiwikoni

Katika nchi ya Masasi na Newala, ambako korosho ndiyo mali na mafuta makali ya ganda lake ndiyo adhabu ya mbanguaji, asiyehisi vidole vyake ni mtu aliye hatarini kila siku, kwani huungua asijue, na kidonda kikaendelea kuchimba mkono ilhali mwenyewe angali kazini. Kupotewa huko na hisia aghalabu kuliandamana na ukoma, maradhi yaliyowashughulisha matabibu wa kusini tangu zama za misheni. Na ijapokuwa dawa mseto, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981, huviua vijidudu vyake, haiurudishii uhai mshipa wa fahamu uliokwisha kuharibika. Ndiyo sababu habari ya kutibu mishipa hiyo kwa damu ya mgonjwa mwenyewe yastahili kuchunguzwa kwa makini.

Damu hutolewa mkononi, ikatiwa sitrati isigande, kisha ikazungushwa katika mashine kwa kasi ya wastani, hata chembe nyekundu zikazama kwa uzito wake na plazima ya manjano ikabaki juu. Plazima hiyo huzungushwa tena kwa nguvu zaidi ili chembe sahani, zile zigandishazo damu, zitue chini. Sehemu ya juu humwagwa, na kidogo kilichosalia ndicho dawa. Damu ya kawaida ina chembe sahani 150,000 hadi 450,000 katika kila mikrolita, na watengenezaji wengi hukusudia kufikia kiasi cha milioni moja. Basi asiyezihesabu hajui anachokidunga. Ndani ya chembe hizo mna vichocheo vya ukuaji, ambavyo humiminika pindi zinapoamshwa. Sindano hupelekwa kando ya mshipa, wala si ndani yake, maana kuuchoma ni kuujeruhi mara ya pili.

Mwaka 2014 matabibu wa Indonesia walichapisha jaribio la namna hii kwa watu ambao mishipa yao iliathiriwa na ukoma. Kundi moja lilidungwa plazima yenye chembe sahani nyingi, na la pili plazima iliyopungukiwa nazo. Na hapo ndipo palipo busara ya kazi yao, kwa kuwa maji yenyewe ya sindano huweza kuuachanisha mshipa na nyama zilizoubana, na pasipo kundi la pili sifa zote zingepewa chembe sahani. Baada ya wiki mbili, hisia ziliongezeka zaidi katika kundi la kwanza.

Nakiri kuwa tofauti hiyo yatia moyo, lakini wiki mbili si muda wa kuotesha mshipa. Uzi wa fahamu uliokatika hukua kwa kadiri ya milimita 1 kwa siku, na kwa mshipa upitao nyuma ya kiwiko, toka hapo hata ncha ya kidole cha mwisho ni kama sentimita 40, safari ipitayo mwaka. Kwa hiyo kilichoonekana hakiwezi kuwa mshipa uliokua upya hadi vidoleni. Yamkini ni uvimbe uliopungua, au mshipa uliokuwa umezimia tu ukazinduka. Matabibu wa Taiwan nao, mwaka 2017, walijaribu sindano moja ya mililita 3 kwa watu wenye mshipa uliobanwa kifundoni mwa mkono, wakawafuatilia miezi sita, na wagonjwa hao wakapata nafuu kuliko waliofungwa gango usiku. Ila gango halina maji, seuze sindano, na hoja niliyoitaja ikabaki bila jibu.

Hukumu yangu ni kwamba sindano hii ni dawa ya kuendelea kuchunguzwa, haijawa ya kutangazwa wala kuuzwa kwa mgonjwa kama tiba iliyothibiti. Mganga wa zahanati anayepapasa mshipa nyuma ya kiwiko, akapima hisia za vidole, akaanzisha prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe wa mshipa, kabla udhaifu haujatimiza miezi sita, angali ndiye mwenye tegemeo kubwa zaidi. Nawe msomaji, ukiwa na baka lisilohisi kuguswa au ganzi isiyoondoka kidoleni, nenda upesi ukapimwe. Dawa za ukoma hutolewa bure.