Uso Usio na Jina: Nakshi za Vyombo vya Shaba vya Shang

Katika mjadala wetu wa kudumu kuhusu umbo na maana, ni nadra wahakiki wa ushairi kuitazama sanaa isiyo na maneno. Vyombo vya shaba vilivyosubiwa Uchina zama za ufalme wa Shang (takriban 1600 hadi 1046 K.K.) vinastahiki kutazamwa hivyo. Vingi vilikuwa vya pombe ya nafaka iliyotolewa sadaka kwa wahenga waliotangulia. Jue ni kikombe cha miguu mitatu chenye mdomo mrefu wa kumiminia. Gu ni bilauri ndefu, nyembamba kiunoni. Kaburi la Fu Hao, mke wa mfalme Wu Ding aliyeongoza hata majeshi, lilifukuliwa Anyang mwaka 1976 likiwa halijaguswa na wezi. Ndani yake mlikuwamo gu 53 na jue 40.

Juu ya vyombo hivi hurudiarudia uso mmoja: macho mawili yaliyotokeza, pembe, pua ya tuta, na taya la juu lisilo na la chini. Ziba nusu moja kwa kiganja, na nusu iliyobaki inakuwa mnyama mzima anayetazamwa ubavuni. Mpenzi wa ushairi ataukumbuka mshororo wetu: ukwapi una uzima wake, utao una wake, na vikikutana huzaliwa kitu cha tatu.

Mgawanyo huo haukuzuka hivi hivi. Fundi alifinyanga mfano wa udongo, akaukandika udongo mwingine, akaukata huo wa nje vipande, akavichoma, akaviunganisha tena kuzunguka kiini, ndipo akamimina shaba iliyochanganywa na bati na risasi. Vipande vya kalibu vilipokutana palikuwa na hatari ya kubaki mshono. Fundi akapageuza pambo. Kilichokuwa kizuizi cha kazi kikawa kanuni ya uzuri, kama vina na mizani kwa malenga.

Uso huo huitwa taotie, yaani mlafi. Lakini si Shang waliouita hivyo. Kitabu cha Lüshi Chunqiu, cha mnamo 239 K.K., ndicho kilicholitaja jina hilo kuhusu pambo la chungu cha shaba, kikalifanya onyo dhidi ya uroho. Wataalamu wa enzi ya Song wakaja kulibandika juu ya nyuso hizi. Tukumbuke pia kwamba Zhou, waliowapindua Shang, walitoa tangazo kali dhidi ya pombe na kudai kuwa ulevi ndio uliowaangusha watangulizi wao. Jina la mlafi linaafikiana mno na hukumu ya mshindi.

Wahakiki wa karne ya 20 waligawanyika. Max Loehr, mwaka 1953, alizipanga nakshi hizi katika mitindo mitano, kutoka mistari myembamba hadi michongo iliyoinuka, na ufukuaji uliofuata ukauthibitisha mpango wake. Baadaye alishikilia kwamba pambo hili ni umbo tupu, halina maana nje ya nafsi yake. K. C. Chang, katika Art, Myth, and Ritual (1983), alijibu kuwa wanyama hao walikuwa wasaidizi wa makuhani katika kuwasiliana na wafu. Hoja yake, hata hivyo, inaegemea maandiko ya baada ya Shang.

Kwa maoni yangu, Loehr alimtendea haki fundi akamsahau mfiwa. Chang alimkumbuka mfiwa akaazima ulimi wa wengine. Chombo kilisimama mbele ya wafu na walio hai, na uso uliwatazama wote. Kutazama huko ni maana, ingawa si ujumbe. Maandishi ya Shang juu ya shaba ni mafupi, mara nyingi jina la ukoo au la mhenga tu. Chini ya Zhou maneno yalirefuka, na baada ya muda uso ukawapisha ndege, kisha mapambo ya mawimbi.

Sisi wafasiri na wahakiki tuna mazoea ya kukamua wasia katika kila ubeti, na usipotoka tunautia wenyewe. Tukifanya hivyo tunakuwa Zhou juu ya shaba ya Shang. Shairi linalotutazama bila kutuusia halijapungukiwa kitu. Tuliache lititazame, nasi tulihesabie mishono yake kwa heshima.