Nani Asemaye "Sisi"? Nafsi katika Masimulizi ya Safari za Wawili Barani Asia

Masimulizi ya safari yaandikwayo na mtu aliyesafiri na mwenziwe yana kitendawili ambacho wahakiki wengi wamekipita bila kukitegua. Kitendawili chenyewe kimo katika kiambishi kidogo cha nafsi, tu-. "Tulivuka mto, tukapiga hema, tukala." Ni nani aliyepiga hema hilo, na ni nani aliyekuwa akiandika shajara wakati mwenziwe akikoka moto? Kiswahili chenyewe hakimpi msomaji jibu. Sentensi kama "tulikwenda na Bwana" yaweza kuwataja watu wawili tu, msemaji na Bwana wake; yaweza vilevile kulitaja kundi zima lililofuatana na Bwana huyo. Nacho kiambishi a- hakimpambanui mume na mke. Yamkini ndiyo sababu msomaji aliyelelewa katika lugha hii amezoea kuuliza, kila akutanapo na "sisi", ni akina nani waliomo ndani yake na ni nani aliyeachwa nje.

Swali hilo ni gumu kulijibu pale ambapo safari ya wawili imezaa kitabu kimoja. Kwa bahati njema, ipo safari moja ya Asia iliyozaa viwili. Mnamo Februari 1935, Peter Fleming, mwandishi Mwingereza wa gazeti la The Times, na Ella Maillart, mwanamke Mswisi mzaliwa wa Geneva, waliondoka Peking wakikusudia kufika India kwa njia ya nchi kavu kupitia Sinkiang, jimbo lililokuwa limefungiwa wageni kwa sababu ya vita na mivutano ya kisiasa. Waliwasili Srinagar, Kashmir, mwezi wa Septemba, baada ya miezi 7 na maili zipatazo 3,500, nyingi zake za kupanda farasi na ngamia na kutembea kwa miguu. Fleming alichapisha News from Tartary mwaka 1936. Maillart alitoa Oasis interdites kwa Kifaransa mwaka 1937, na tafsiri ya Kiingereza, Forbidden Journey, ikatoka mwaka huo huo.

Wawili hawa hawakuwa mume na mke, wala hawakuwa wapenzi. Fleming mwenyewe anatania kwamba kwa kanuni za riwaya walipaswa kupendana, na kwa kanuni za maumbile kuchukiana, nao hawakufanya hili wala lile. Utani huu usichukuliwe kijuujuu. Ni mbinu ya kumfungia msomaji mlango: baada ya kuambiwa kwamba hakuna mapenzi, msomaji hatarajiwi kuuliza ni uhusiano wa namna gani uliokuwapo. Na ulikuwapo. Ulikuwa uhusiano wa kazi. Fleming alibeba bunduki akaleta bata na sungura. Maillart alipika, akashona, akatibu. Fleming alijua Kichina kidogo, Maillart alijua Kirusi. Kinyume cha inavyodhaniwa, Fleming haufichi mgawanyo huu. Anaukiri waziwazi, tena kwa ucheshi, akijisawiri kama mvivu asiyejua kitu, na kumsifu mwenzake, ambaye humwita Kini, kwamba ndiye msafiri hasa.

Hapo ndipo uhakiki unapopaswa kusimama kidogo. Kujidunisha kwa Fleming ni fani iliyokomaa, na ni mojawapo ya sababu za kitabu chake kusomeka kwa raha hadi leo. Hata hivyo, ni unyenyekevu wa mtu asiye na cha kupoteza. Msimulizi anayejicheka hubaki ndiye mwenye kicheko. Anayesifiwa hugeuka mhusika, tena mhusika bapa: Kini ni hodari, Kini hachoki, Kini anapika. Msomaji akimaliza kitabu cha Fleming anajua Maillart alifanya nini, lakini hajui aliona nini.

Aliyoyaona yamo katika kitabu chake mwenyewe, na tofauti kubwa kati ya vitabu hivi viwili imo katika wakati. Fleming ana haraka. Anahesabu hatua, anakasirishwa na ucheleweshaji wa viongozi wa misafara, na akili yake imo nyumbani hata kabla ya kuvuka nyanda za Tsaidam. Maillart hataki safari iishe. Kwake siku iliyopotea kambini si siku iliyopotea. Ni fursa ya kutazama jinsi Wamongolia wanavyopakia ngamia, wanavyokunywa chai, wanavyoketi. Siku moja ileile, chini ya hema moja, kwa msimulizi mmoja ni kero na kwa mwingine ni maudhui. Je, "sisi" ya siku hiyo ni ya nani? Fleming anapoandika kwamba walichoka kungoja, ukilinganisha na Maillart utaona kwamba aliyechoka alikuwa mmoja. Huu si uongo kwa maana ya kawaida. Ni tabia ya nafsi ya kwanza wingi: humeza hisia za mmoja na kuzitema kama za wote.

Inafaa kutaja kwamba kabla ya safari hii kila mmoja wao alikuwa ameandika kitabu ambacho jina lake lilitukuza upweke: Fleming One's Company, na Maillart kile kilichoitwa Turkestan Solo kwa Kiingereza, vyote vya mwaka 1934. Walikuwa wapweke wawili walioazimana "sisi" kwa miezi 7.

Lakini kuna wawili wengine ambao takriban hawakumbukwi. Msafara ulipoondoka Peking ulikuwa na watu wanne. Pamoja na Fleming na Maillart walikuwamo mume na mke wa Kirusi, akina Smigunov, ambao walikuwa wamewahi kuishi Tsaidam na kuzijua lugha na njia za huko. Wao ndio waliotarajiwa kuwa viongozi wa safari. Huko Lanchow wakuu wa serikali waliwazuia Warusi hao wasiokuwa na dola ya kuwatetea, wakarudishwa. Mwingereza na Mswisi wakaruhusiwa kuendelea. Wanandoa wa kweli katika safari hii, na wajuzi wake wa kweli, wanatoweka katika vitabu vyote viwili kabla safari haijashika kasi. Fleming na Maillart wanawasikitikia, na hakuna sababu ya kushuku masikitiko yao. Hata hivyo "sisi" ya watu wanne inapunguzwa kuwa "sisi" ya wawili kwa mhuri wa ofisini, na usimulizi unasonga mbele kana kwamba umepata wepesi. Ama kwa kweli, safari ya Smigunov ndiyo ambayo mhakiki angetamani kuisoma.

Miaka 37 baadaye, Tony na Maureen Wheeler, Mwingereza na mkewe mzaliwa wa Belfast, waliondoka London kwa gari dogo kuukuu wakaliuza Afghanistan, wakaendelea, shanta mgongoni, hadi Australia. Walifika Sydney Desemba 1972 wakiwa na senti 27. Kijitabu chao, Across Asia on the Cheap, kisichofika kurasa 100, kilitoka mwaka 1973 na kuwa chanzo cha kampuni ya Lonely Planet. Kifasihi kijitabu hiki hakina uzito wa vile viwili vya awali, wala hakikudai kuwa nao. Kinachovutia ni kwamba kimelitatua tatizo la "sisi" kwa kuliondoa. Wanandoa wanajificha, anayesafiri sasa ni "wewe" msomaji, unayeelekezwa pa kulala na bei yake. Muuza chai aliyekuwa mtu kwa Maillart sasa ni bei ya kikombe. Na huyo "wewe" ana pasipoti ambayo mipaka huifungukia. Smigunov hangeweza kuwa "wewe" wa kitabu hiki. Njia yenyewe ilikatika mwaka 1979, kwa mapinduzi ya Iran na kuingia kwa majeshi ya Kisovieti Afghanistan, na "wewe" huyo akahamia kwingine.

Fasihi ya Kiswahili nayo inayo safari yake ya wawili barani Asia, tena iliyozitangulia zote hizi. Mwaka 1896 Salim bin Abakari, mzaliwa wa Komoro, alifuatana na bwana wake Mjerumani, Bumiller, hadi Urusi, Siberia na Asia ya Kati, na masimulizi yake yamo katika Safari za Wasuaheli, mkusanyo wa Carl Velten wa mwaka 1901. Hapa "tulikwenda na Bwana" si mfano wa sarufi tena. Ni hali halisi ya msemaji. Mambo yamepinduka: mtumishi ndiye msimulizi, na bwana ndiye mhusika asiyesema. Salim anawatazama Warusi na watu wa nyika kwa udadisi uleule ambao Wazungu waliwatazamia watu wa pwani, na hapo ndipo utamu wa maandishi yake ulipo. Hata hivyo, usomaji unaoishia kumshangilia haujatosha. Velten alikuwa mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin, naye ndiye aliyekusanya na kuhariri. Kwa hiyo ndani ya "sisi" ya Salim mna watu watatu: yeye, bwana aliyemchukua, na mhariri ambaye hakuwapo safarini.